Mnamshuku Nani?

Koku mwanangu,

Salamu naziruka, maana mtu anayelala chumba cha pili hasalimiwi kwa barua. Kwamba u mzima najua, nimekusikia ukiburuta begi huko tangu asubuhi. Tatizo hatusemeshani. Tangu Jumapili ukinipa chai unaiweka mezani na kuondoka, nami nikikuita ule nakuita kwa kupitia ukutani. Sasa umetoka, umeenda mjini kuaga wenzako, na mimi nimekaa na kalamu kama mtoto aliyebakizwa darasani wenzake wakienda nyumbani.

Kesho unapanda basi la Dar es Salaam kwenda kuisomea kwa kina hiyo kazi yako ya kuchunguza mahali palipotendeka uhalifu. Nikingoja tuongee uso kwa uso tutapigiana kelele, na utaondoka tumenuniana. Nilishaachana hivyo na mtoto mmoja. Neno la mwisho nililomwambia kaka yako Deus lilikuwa la kumgombeza kwa matope aliyoyaingiza sebuleni. Kulipokucha alikuwa maiti. Sitaki tena kuachana na mtoto wangu kwa maneno ya namna hiyo, ndiyo maana naandika.

Mambo ya kula na kuvaa siandiki. Ya wanaume wa Dar pia siandiki, wewe ni askari, utajijua. Naandika kulijibu neno lako la Jumapili, na nikishalijibu nina ombi moja.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Pale kwenye kona ya barabara ya kwenda Bujora akapita Shija, anachechemea, gurudumu la pikipiki begani. Akasema, "Shikamoo mama." Nikamjibu, "Marahaba, baba. Habari za kwako?" Wewe ukasimama kama umekanyaga mwiba. Barabarani hukusema kitu. Ulipofunga mlango tu, ikatoka.

"Mama, unamwitikia mtu aliyemuua Deus? Tena unamwita baba?"

Nikasema ni salamu tu.

"Salamu! Ndiyo maana kesi ilikufa. Mlifagia ushahidi wote, na wewe ndiye uliyeshika ufagio. Mngeuacha uwanja kama ulivyokuwa, leo yule angekuwa gerezani. Nikimaliza kozi naomba lile faili lifunguliwe. Wewe ulishindwa kumfunga, mimi nitamfunga."

Ukaenda chumbani. Nikabaki nimekaa na kitenge changu cha kanisani. Nakuambia ukweli, saa ile nilikuchukia. Haikuchukua muda mrefu, lakini nilikuchukia. Mtoto niliyemsomesha kwa kuuza ndizi juani anarudi na sare yake kunieleza namna nilivyomuua kaka yake mara ya pili.

Haya, tuanze na huo ufagio, maana naona umeupenda sana.

Ulikuwa darasa la nne, likizo ile ulikuwa Muleba kwa shangazi yako, kwa hiyo yote unayoyajua umeyasikia kwa watu. Deus alikuwa analala chumba cha nje, kile ambacho mlango wake unatazama uwanjani. Alikuwa ameanza kuendesha bodaboda na pikipiki alikuwa anailaza pale mlangoni. Alfajiri nikatoka kwenda kuwasha moto jikoni. Nikamkuta amelala kifudifudi mbele ya mlango wake, kichwa kimepasuka, pikipiki haipo. Damu ilikuwa imefika hadi kwenye jiwe la kufulia.

Nikapiga yowe. Unawajua Wasukuma wa hapa kwetu, mwano, lile yowe la hatari, ukilia hakuna anayeuliza kuna nini, wanakuja tu. Wakaja wanaume na marungu, wakaja wanawake. Mama Kulwa jirani yetu, yule aliyekuwa anakubeba mgongoni nilipokuwa naumwa, ndiye aliyenishika nisianguke. Tukamgeuza mwanangu, tukamfuta uso, tukamfunika kitenge changu. Ungetaka tumwache vile, mchanga umejaa mdomoni? Niambie. Najua huko chuoni wanasema maiti isiguswe. Sawa. Lakini maiti ile ilikuwa na jina, na jina hilo nilimpa mimi.

Tukambeba ndani. Tulipotoka, kuku walikuwa wameshafunguliwa, sijui nani aliwafungua, na walikuwa wanasogea pale penye damu. Koku, kuku hawajui. Kuku wangu mwenyewe, niliokuwa nawalisha kwa mkono, wakaanza kudonoa. Mama Kulwa akawafukuza, wakarudi. Akawafukuza tena, wakarudi. Ndipo nikashika ufagio. Nikazoa majivu jikoni nikamwaga pale, nikafagia, nikamwaga maji, nikafagia tena mpaka udongo ukawa udongo. Ushahidi! Nani alikuwa anawaza ushahidi? Nilikuwa nawazuia kuku wasimle mwanangu. Na ingetokea tena vile vile, ningefagia tena, hilo nakuambia mapema usije ukasema sikukuambia.

Baada ya hapo msiba ukaendelea kama misiba yote. Wanaume wakachimba mashimo ya nguzo wakafunga turubai. Wanawake wakapanga mafiga karibu na chumba cha Deus kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli. Mabenchi ya kanisa yakaletwa. Watu wakaja kutoka Kisesa yote, wakaingia chumbani mwake, wakakaa kitandani kwake, wakashika mashati yake wakalia. Ndivyo tunavyolia sisi. Sijawahi kuona kabila linalolia kwa kusimama mbali nyuma ya utepe wa polisi.

Askari walifika jua likiwa utosini. Mkubwa wao, afande mmoja mnene mwenye sauti nzito, akashuka garini akauliza, "Eneo la tukio liko wapi?" Watu wakatazamana. Mzee mmoja akamnyooshea kidole pale palipokuwa na sufuria ya wali. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno hayo. Hadi dakika ile palikuwa panaitwa nyumbani kwangu.

"Nani kafagia hapa?"

Mbele ya watu wote, mbele ya padre. Nikasema ni mimi. Akanitukana bila kutumia tusi hata moja, unajua wanavyoweza. Akasema watu wa huku tunalilia haki na wakati huo huo tumeizoa na takataka. Kisha yeye mwenyewe akaingia chumbani, akashika kitasa kwa mkono mtupu, akakaa kwenye kitanda cha mwanangu akawa anaandika. Akaletewa soda akanywa, chupa akaiacha dirishani. Nyuma ya nyumba hakwenda. Na nyuma ya nyumba hakuna aliyekuwa amefagia. Michongoma ya kule ilikuwa imelazwa chini upande mmoja, kama mtu amepita na kitu kizito. Niliiona baadaye, siku nilipokwenda kuanika nguo baada ya kurudi kuzika, na mvua ilikuwa imeshanyesha.

Yeye hakuona haja ya kwenda huko. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza akiwa amesimama katikati ya uwanja, kalamu mkononi.

"Mnamshuku nani?"

Hakuniuliza niliona nini. Hakuniuliza mlango ulikuwa wazi au umefungwa, wala mbwa walibweka au hawakubweka. Alitaka jina. Na watu wote wakanitazama mimi. Wewe hujawahi kutazamwa namna ile, na Mungu akuepushe. Mwanao amelazwa ndani, uwanja mzima unangoja useme jina, na ukilikosa inaonekana kama hukumpenda vya kutosha. Nikalisema. Nikasema, "Shija."

Kwa nini Shija? Kwa sababu wiki ile walikuwa wamegombea abiria kijiweni, na Deus alirudi na shati limechanika. Basi, hakuna kingine. Vijana wa bodaboda wanagombea abiria kila siku, asubuhi wanachaniana mashati, jioni wanakula chipsi sahani moja. Nililijua hilo vizuri. Lakini jina lilikuwa limeshatoka, na afande alikuwa ameshaliandika.

Shija mwenyewe alikuwepo. Alikuwa anabeba maji ya msiba tangu asubuhi, na aliposikia anatajwa alikuwa ameinama anatua madumu. Hakukimbia. Watu wakasema, mwone, hakimbii, anajifanya. Angekimbia wangesema, mwone, anakimbia. Vijana wenzake wakamwangukia na kuni, kuni zile zile za kupikia chakula cha msiba, na askari walipokuja kumchomoa mguu ulikuwa umeshavunjika. Mimi nilikuwa natazama. Mtu mwingine angekuandikia kwamba alifumba macho. Mimi nilitazama, na nilifurahi.

Kuanzia hapo hakuna aliyetafuta kitu kingine chochote. Mtu kapatikana, kazi imekwisha. Baba yako, Mungu amrehemu, akasema mwanawe hazikwi ugenini, lazima alale kibanjani, kwenye shamba la ukoo la babu zake. Daktari akamtazama juu juu, tukapewa maiti. Tukamvusha pale Kigongo kwa kivuko, daraja lilikuwa bado, jeneza limebanwa katikati ya malori, tukaenda kumzika Muleba kwenye migomba. Baadaye ndipo wakaanza kutaka kujua alipigwa na nini, chuma au jiwe au gogo. Mtu ameshafukiwa, yuko ng'ambo. Nani angethubutu kumwambia baba yako kaburi lifukuliwe? Angemkata huyo mtu panga.

Shija akakaa mahabusu miaka, aliingia hana ndevu akatoka nazo. Wakamwachia kwa sababu hakuna ushahidi. Akarudi mtaani na mguu wake ule, hawezi tena kuendesha, akafungua kibanda cha kutengeneza pikipiki. Ya Deus haijaonekana hadi leo. Na mimi sikumwacha apumue. Nilikuwa napita dukani nasema kwa sauti, muuaji amekuja kununua sukari. Alipotaka kuoa, nikatuma maneno kwa wazazi wa msichana, uchumba ukafa. Nawe nikakushika mkono, una miaka kumi na mitatu tu, nikakuonyesha: yule, mtazame vizuri, yule ndiye. Nakumbuka ulivyomtazama. Ulipomaliza kidato cha nne ukasema unataka uaskari, majirani wakaniuliza imekuwaje mtoto wa kike. Nikawajibu kwa majivuno, anajua mwenyewe kwa nini.

Kwa hiyo huo uhakika wako ni mimi niliyekupa. Haukutoka kwa mtu mwingine. Hilo faili unalotaka kulifungua ukilifungua hutakuta kitu, utakuta mdomo wangu.

Sasa unadhani aliyenigeuza ni padre, au ni uzee. Ni wewe.

Ulikuwa umerudi kutoka kwenye ile kozi yako ya kwanza, ile fupi. Nyumba nzima ulikuwa umeigeuza darasa. Ulipaka unga mweusi glasi zangu zote ukitafuta alama za vidole, nikakugombeza, ukanishika mkono ukatazama vidole vyangu ukasema, "Mama, wewe ungekuwa mwizi wangesumbuka, alama zako zimelika zote kwa utomvu wa ndizi." Tukacheka. Ukanifundisha kwamba nguo yenye damu inatiwa kwenye bahasha ya karatasi, haitiwi kwenye mfuko wa nailoni, maana itaoza. Nikajisemea, mtoto huyu kumbe anajifunza kitu kweli.

Halafu siku ile tunamenya ndizi jikoni ukanisimulia habari ya chumba cha uongo. Walimu wenu walikuwa wamewatengenezea mahali pa mauaji: sanamu limelazwa sakafuni, kiti kimeanguka, na mezani kisu kimepakwa rangi nyekundu. Ninyi nyote mkakimbilia kisu. Mkakipiga picha na rula pembeni, mkakifunga, mkabandika lebo, mkapeana mikono. Mwalimu akawauliza, "Na dirisha?" Hakuna hata mmoja aliyelitazama dirisha. Kumbe mambo yote yalikuwa dirishani, alama, uzi wa nguo, nyayo kwa nje. Kisu alikiweka makusudi.

"Alitukamata kama watoto wa chekechea, mama," ukasema, unacheka mpaka machozi. "Tuliona kisu tukapofuka."

Ukaendelea kumenya. Mimi nikasema natoka mara moja. Nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama mbele ya michongoma kama mwehu. Ilikuwa imeshanyooka zamani, imeota, ina maua. Nikajiuliza, mama wee! Sisi kisu chetu kilikuwa nani?

Tangu siku hiyo nikimwona Shija sijui namwona nani. Pengine ndiye aliyemuua mwanangu, na ananiamkia kwa kunidharau. Pengine ni kijana aliyekuja kunibebea maji nikamvunja mguu na ndoa. Sijui. Hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe. Mama aliyeuawa mwanawe anabaki angalau na mtu wa kumchukia, asubuhi akiamka anaye. Mimi hata huyo sina tena. Nina uchungu na sijui niupeleke kwa nani, ndiyo maana wakati mwingine nakupigia kelele wewe kwa sababu ya sufuria.

Miaka yote alikuwa ananisalimia nageuza uso. Haachi. Shikamoo mama, shikamoo mama, kila anaponiona. Siku moja pale stendi ya Buzuruga nimeshusha mikungu yangu, akapita, akaniamkia, na mdomo wangu ukajibu kabla sijauzuia. Marahaba. Akasimama. Akapitisha mkono machoni kama anafuta vumbi, akaenda zake. Sasa niambie wewe mtaalamu, mwenye hatia analia akiitikiwa salamu? Au asiye na hatia ndiye analia? Nimefikiri mpaka kichwa kimeniuma. Sijui, Koku, na wewe pia hujui.

Na hapa ndipo ninapokuja kwako, usikunje uso.

Mwaka huu nilikwenda mwaloni, kule ziwani wavuvi wanakoshusha samaki, kununua dagaa, nikakuta watu wamejaa ufukweni. Kijana mvuvi alikuwa ametolewa majini, ana jeraha kichwani. Nikakuona. Umevaa glavu, kamera shingoni, umezungusha utepe, unapiga magoti kupiga picha mchangani kabla mawimbi hayajafuta. Nilijisikia fahari mpaka nikataka kumwambia muuza dagaa, yule ni wangu. Kisha mama wa marehemu akafika. Akavuka utepe kama hauoni, akamwangukia mwanawe, akaanza kumfuta uso kwa khanga. Nawe ukapaza sauti: "Mama, toka kwenye eneo la tukio! Unaharibu ushahidi!" Mbele ya watu wote. Sauti ile niliijua. Ndiyo iliyokunywa soda chumbani kwa kaka yako.

Nikageuka na ndoo yangu tupu. Nilikuwa sijafika mbali, yule mama wameshamvuta pembeni, anagaragara, nikakusikia unamwuliza. Ulimwuliza kwa upole, nakubali, ulikuwa umeshatuliza sauti. Ukamwuliza, "Mama, mnamshuku nani?"

Nilikaa kwenye jiwe la barabarani.

Sisemi ungemwacha aharibu. Ulikuwa sahihi kumtoa, hilo najua kuliko walimu wako wote. Lakini ungeweza kumshika mkono. Ungemwambia, "Pole mama, mwanao tutamfunika sasa hivi, nipe nafasi kidogo nimtazame kwanza, ili tujue nini kimempata." Ningeambiwa hivyo mimi, ningeuweka ufagio chini. Ningewakamata wale kuku mmoja mmoja nikawafungia bandani, nikaukalia mlango. Nisingeacha mtu aingie chumbani, hata padre. Hakuna aliyeniambia. Alikuja mtu kunigombeza, alipomaliza kunigombeza akaomba jina. Na yule mama wa mwaloni sijui alikupa jina la nani. Sikusubiri kusikia. Ninachojua ni kwamba kuna kijana mahali fulani kwenye ufukwe ule alikuwa anabeba maji ya msiba siku ile.

Mwanangu, wewe una kipaji. Nakwambia mimi ambaye sikusifii ovyo. Ukiwa mtoto ulikuwa unajua nani kala kipande cha samaki kwa kutazama tu nani ananawa. Lakini una hasira yangu, na hasira yangu ina haraka. Inataka jina kabla ya kitu kingine. Huko unakokwenda watakufundisha darubini na kemikali na kila kitu, utarudi unajua kusoma unywele mmoja. Hasira hiyo hawatakutoa, maana hawajui kama unayo. Mimi ndiye ninayejua. Kila utakapofika kwenye nyumba ya mtu na ukajisikia kwamba umeshamjua mhalifu, ujue ni mimi ninayesema ndani yako, mimi wa siku ile, na mimi wa siku ile nilikuwa sifai kusikilizwa.

Maneno yako ya Jumapili nimeyasamehe nusu. Nusu nyingine nitaisamehe ukipiga simu kutoka Dar, siyo ujumbe, simu. Baraka zangu unazo. Ulikuwa nazo hata wakati ninakutukana kimoyomoyo.

Sasa ombi langu. Lile faili liombe lifunguliwe. Sikuzuii, nimechoka kutojua. Kama ni Shija, afungwe, nitakuwa wa kwanza kwenda kumtazama. Lakini usiende ukiwa umeshamshika Shija mkononi. Anza na mimi. Njoo na sare yako, kaa hapa mezani ninapoandikia, usiniite mama. Uniulize kama unavyopaswa kumwuliza shahidi yeyote, niliona nini. Nitakujibu kwamba sikuona kitu, sikusikia kitu, nilimkuta mwanangu ameshakufa, na jina la Shija nililisema kwa sababu niliulizwa jina mbele ya watu na nilikuwa na uchungu. Najua litakuuma. Utaona aibu kwa ajili yangu, utataka kulipamba kidogo, uandike "anakumbuka kwamba" au "anaamini kwamba." Usipambe. Andika kama nilivyosema, kisha unisomee kwa sauti neno kwa neno, maana mara ile hakuna aliyenisomea, nami nitatia sahihi.

Mama